Jaribuni fonti kwa neno "kashata"

Mhariri,

Nina steshenari Mbagala Rangi Tatu, na kazi inayonilipa zaidi ni stika za wajasiriamali: ubuyu, kashata, karanga, sabuni ya maji. Ndiyo maana Jumapili iliyopita niliukazia macho ukurasa wenu wa watoto. Kichwa cha hadithi kimeandikwa kwa fonti, yaani mtindo wa herufi za kompyuta, ya kuchorwa kwa mkono, herufi nene zilizokaa upande upande. Mmefanya vizuri, mwanangu wa darasa la pili alikisoma kwa sauti bila kuambiwa. Lakini hebu tazameni neno "kifaranga". A zote tatu zina mkia uleule, zimeinama vilevile. Na kwenye "ng'ombe", ritifaa, ile alama ndogo baada ya "ng", imetoka fonti nyingine kabisa, nyembamba kama sindano.

Fonti nyingi za bure zina umbo moja tu kwa kila herufi. Kiswahili kimejaa irabu, na irabu ikirudi mara tatu ndani ya neno fupi, jicho linaikamata hapo hapo: hii ni mashine. Baba yangu mdogo aliandika mabango ya maduka kwa brashi. Sikuwahi kuona a zake mbili zilizofanana. Ile ya mwisho aliivuta mkia mpaka ubao ujae.

Wapo wanaosema fonti hizi ni za kitoto. Mimi nazipenda. Hata Comic Sans inayotukanwa kila siku, Vincent Connare aliichora akiwa Microsoft mwaka 1994, baada ya kumwona mbwa wa katuni kwenye programu akiongea kwa Times New Roman, herufi rasmi kama za barua za ofisini. Mbwa hakustahili herufi zile, na kashata nayo haistahili. Maelezo ya dozi ya dawa ndiyo siyaandiki kwa fonti hizi, hata mteja akibembeleza.

Mwaka jana alikuja mama mmoja anayeuza mtindi, na stika 200 alizochapishiwa kwingine. Zilisomeka "ng", kisha kisanduku kitupu, kisha "ombe". Fonti haikuwa na ritifaa, na aliyechapa hakuangalia. Hela ya mtaji ilishakwenda. Nilimchorea ritifaa kwa kalamu ya wino, nikaipiga picha kwa simu, nikaipachika kwenye mchoro, tukachapa upya. Tangu siku ile, fonti yoyote naiandikia kwanza kashata, ubuyu, ng'ombe, ndipo nimwonyeshe mteja. Zilizotengenezwa vizuri zina a mbili au tatu za kupokezana, na programu inazibadilisha yenyewe.

Namwomba msanifu wenu aiongezee fonti ile ritifaa ya unene wake, na a mbili za akiba. Ni kazi ya jioni moja. Akipenda aje Mbagala, tukae naye kwenye kompyuta yangu.

Msomaji wenu,
Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam