Mwanangu, fungua tairi moja kabla hujaondoka

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliuona, na orodha yako ya vitu vya kubeba niliiona pia. Imepangika vizuri mpaka nikamwonyesha baba yako mdogo hapa dukani, akasema huyu kweli amesoma. Lakini nilikuuliza swali moja kwenye simu, ukanijibu "nitafanya mama", halafu ukasema unaingia kikaoni. Basi nauliza kwa maandishi ili usipate pa kuingilia: umewahi kufungua tairi la gari hilo kwa mikono yako mwenyewe? Sisemi gari la rafiki yako. Hiyo hiyo hardtop ya Toyota ambayo ofisi imekukabidhi uende nayo Liwale.

Nauliza kwa sababu gari limetoka gereji, na gereji za siku hizi zinafunga nati kwa mashine ya upepo. Kijana anabonyeza, nati inakaza, anabonyeza tena kwa raha zake tu, halafu anakuambia dada gari lako liko safi. Wewe utakuja na ile spana iliyolala chini ya kiti, utaining'inia kwa mwili mzima, na nati haitasogea. Hapa mjini utaita mtu yeyote wa pancha, atakuja na pikipiki. Kutoka Nangurukuru mpaka Liwale ni kilomita 230, na mvua za huko zikishaanza mwezi huu au ujao zinakwenda hadi Aprili. Utamwita nani?

Kwa hiyo Jumamosi, kabla hujapakia hata begi, egesha gari mahali pakavu na tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu. Legeza nati tairi likiwa bado limekanyaga chini, ndipo upige jeki. Wengi wananyanyua kwanza, halafu wanashindana na gurudumu linalozunguka hewani. Zikikushinda, usione haya: rudi gereji, simama hapo hapo, wazilegeze na kuzifunga upya kwa mkono, na nati moja uifungue wewe mbele yao. Lile bomba la chuma utakalolikuta kwenye sanduku la vifaa ninalokutumia usilitupe ukadhani ni takataka, ni la kuchomeka kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu. Ukishalirudisha tairi, tembea kama kilomita hamsini, simama, kaza tena.

Sasa mikanda. Umesema injini ni 1HZ, ile ya dizeli ya Toyota, nami nimefurahi. Lita 4.2, silinda sita, haina turbo, haina kompyuta ya kukuchanganya akili, na hapa Gerezani spea zake ziko kila mlango. Shida ni hiyo hiyo, ziko kila mlango. Ninauza vitu hivi, najua vinavyoingia. Mkanda feki unaletwa kwenye boksi zuri kuliko la mkanda halisi, ukishapata joto unateleza, unapiga kelele, unachanika nyuzi pembeni. Ile ya feni kwenye injini hiyo ni miwili inayokwenda sambamba, na hubadilishwa yote miwili, si mmoja uliochakaa tu. Nimekuwekea jozi mpya niliyoichagua mwenyewe. Lakini usiende nayo ikiwa ndani ya boksi! Mwambie fundi aifunge leo, na ile ya zamani, kama haina nyufa, ndiyo uibebe iwe akiba. Hiyo unajua inaingia, na imeshafanya kazi kwenye gari hilo hilo. Watu wanabeba spea mpya mwaka mzima, siku ya kuitumia wanakuta ni ya gari jingine. Fanya hivyo hivyo kwa hozi za rejeta, ya juu na ya chini, na klipu zake.

Mkanda wa taimingi ni habari nyingine. Huo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika porini haubadilishwi na mtu aliyekaa chini ya mkorosho. Uliza ofisini ulibadilishwa lini. Wakikujibu "juzijuzi tu", taka karatasi. Wewe ni mpole sana kwa watu wa ofisini, ukali wako wote unaniletea mimi.

Filta za dizeli nimeweka mbili, na uzijue kuzibadilisha, maana dizeli ya madumu ya vijijini ina maji na mchanga. Juu ya filta kuna pampu ndogo ya kusukuma kwa kiganja. Ukibadilisha filta, au ukiishiwa mafuta kabisa, injini ya dizeli haiwaki kwa kujaza tu, lazima upige ile pampu mpaka iwe ngumu na upepo utoke. Mwombe fundi akuonyeshe huku mkono wako ndio uliopo juu ya pampu, siyo wake. Mengine madogo utayaona mwenyewe: fyuzi, taa, waya wa kufungia, tepu ya umeme, gundi ya chuma ile ya kuchanganya vitu viwili, oili, mafuta ya breki, spana za namba 10, 12, 14 na 17 ambazo ndizo zinazofungua karibu kila kitu cha Toyota. Mche wa sabuni nao si wa kufulia. Tangi la dizeli likitobolewa na jiwe, unasugua sabuni pale penye tundu mpaka linaziba, na utafika. Wale watakaokwambia uvunje yai bichi kwenye rejeta inayovuja, waambie wakakaange. Litaziba tundu, na litaziba na njia za maji.

Uliniambia tairi ni zile nyembamba za 7.50 R16, zenye tyubu. Ni ngumu, zinafaa njia ile. Ila spea moja haitoshi, idai ofisi ikupe ya pili, ikiwa kamili na rimu yake, na upepo upimwe kabla ya safari. Spea iliyokaa nyuma ya mlango mwaka mzima mara nyingi haina upepo. Tyubu mbili na viraka na vyuma vya kuvulia tairi nimeviweka, lakini hivyo ni vya kumpa mtu wa pancha wa kijijini ambaye ana mikono na hana vifaa. Wewe usithubutu kama rimu zako ni zile zenye ringi ya pembeni. Ringi ile isipokaa sawasawa wakati wa kujaza upepo inaruka, na imeua watu wazima wenye uzoefu. Anayejaza asimame pembeni, wala wewe usisogee kuangalia.

Kwenye mchanga au tope utaambiwa upunguze upepo. Ni kweli, tairi linatanuka na kushika. Shuka mpaka PSI 20 hivi, usiende chini ya hapo, kwa sababu tairi la tyubu likikosa upepo linazunguka juu ya rimu na kung'oa mdomo wa tyubu. Na ukishatoka kwenye tope ujaze tena kabla hujashika mwendo. Pampu ya kuchomeka kwenye betri ipo, nimeijaribu kwenye gari la jirani, inafanya kazi polepole na ina kelele, vumilia. Mahabu ya mbele, yale ya katikati ya magurudumu yanayofungwa ili nayo yavute, uyafunge kabla ya kuingia kwenye tope. Ukishakwama ndipo unashuka kuyafunga, utakuwa unafanya kazi hiyo umepiga magoti kwenye maji.

Jeki ndefu ni ya mjomba wako. Angekuwa yeye mwenyewe, asingekuazima bila kukuhutubia, kwa hiyo nahutubia kwa niaba yake: kichwa chako kisiwe kamwe kwenye njia ya ule mpini, unarudi kwa nguvu na kuvunja taya. Usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki hiyo peke yake. Kile kipande cha ubao kizito ni cha kuweka chini ya jeki, la sivyo kwenye tope unanyanyua na jeki ndiyo inayozama. Vyote hivyo uvifunge kwa kamba ndani ya gari, jeki iliyolegea gari likiyumba inageuka silaha. Chepe na panga viwe mahali unapovifikia bila kupakua mizigo. Hata spana ya tairi. Tena hiyo hasa. Na unajua ninachotaka kuuliza hapo.

Barabara ya Somanga sina la kukuhadithia. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikata wewe ndiye uliyekuwa ndani ya basi, mimi nilikuwa hapa na simu mkononi. Ninachotaka ni hiki tu: ukikuta maji yanapita juu ya barabara, simama, washa taa za hatari, weka ile pembetatu, subiri. Hata malori makubwa yakipita. Kikao cha ofisi hakitahama.

Maji ya kunywa lita tano kwa mtu kwa siku, ubebe ya siku tatu, na uyagawe kwenye madumu kadhaa, dumu moja likipasuka usibaki na midomo mikavu. Biskuti, tende, karanga. ORS, dawa zako, dawa mseto, kipimo cha malaria, bandeji pana. Jaza tangi Nangurukuru hata kama bado lina nusu, na dumu la dizeli likae nje juu ya gari, sitaki usafiri umefungiwa ndani na moshi wake. Mtungi wa kuzimia moto uangalie tarehe yake, trafiki wa Mkuranga watauangalia kabla yako. Nguo za buluu na nyeusi ziache nyumbani, mbung'o wanazipenda.

Gari likikataa kabisa, baki nalo. Usianze kutembea kwenda kutafuta kijiji jioni. Kule wamepakana na Selous na ile Hifadhi ya Nyerere iliyotengwa 2019, tembo wanaingia mashambani mwa watu, hawatakuuliza unafanya kazi shirika gani. Kabla ya kuondoka Nangurukuru nitumie ujumbe: saa uliyotoka, njia, saa unayotegemea kufika. Ujumbe wa maandishi unapenya hata pale simu isipopiga. Beba laini mbili za mitandao tofauti. Nisipokusikia saa mbili baada ya saa uliyosema, nitaanza kupiga simu kwa mabosi wako, na usinune, namba zao ninazo. Namba ya dharura ya polisi ni 112, lakini huko katikati mtandao ukikosekana namba zote ni sawa, ndiyo maana narudi kwenye nati.

Utasema ningekufundisha zamani. Kaka yako alishinda hapa dukani likizo zote, mikono imejaa grisi, na wewe uliwekwa jikoni. Leo yeye ni mhasibu, gari likizima anapiga simu, na aliyepewa hardtop ya kwenda Liwale ni wewe. Baba yako angecheka mpaka kesho. Watu wa hapa Gerezani nimewaambia wote, hata wale wasiouliza, kwamba binti yangu anaendesha mwenyewe. Ndiyo maana sitaki ukwame kwa kitu cha aibu kama spana.

Mdogo wako anaendelea na mtihani wa kidato cha nne. Anasema hesabu haikuwa mbaya, kwa uso ule sijui. Usimpigie usiku, anatafuta sababu ya kufunga daftari. Mpangaji wa chumba cha uani bado anasema "mwisho wa mwezi", sasa sijui ni mwisho wa mwezi gani. Ile hela ya LUKU uliyotuma imeingia, ahsante, ila friji linakula umeme vibaya, fundi amesema ni mpira wa mlango. Mchango wa harusi ya binamu yako nimekutolea, nusu ya ulichoahidi, nusu nyingine utajua wewe na shangazi yako, mimi simo. Paa la jikoni litasubiri mpaka mvua ipite, nimeweka ndoo.

Ukirudi usininunulie korosho ghafi barabarani hata ukipewa bei ya kutupa. Hiyo ni kangomba, biashara ya magendo ya korosho, watakukamata nazo kizuizini na gari la ofisi. Asali sawa, ila onja kabla ya kulipa.

Sanduku analeta kijana wa bodaboda yule mrefu, nimeshamlipa, akikuambia bado usimpe. Risiti ziko kwenye bahasha ya khaki. Mikanda, filta na tyubu ofisi inirudishie, nimeandika bei ya jumla, sijaweka faida yangu. Bomba na ubao ni bure. Jeki mjomba wako anaitaka Januari, tena safi, na yeye huwa anakagua.

Jumamosi jioni nitumie picha ya tairi likiwa limetoka, na mikono yako ionekane kwenye picha.

Mama yako
Kariakoo