Kwenu wajukuu mliopata namba ya NIDA juzijuzi

Wajukuu zangu,

Nimekasirika na sifichi. Binti wa jirani katimiza miaka 18, kitambulisho kimetoka, kakipiga picha kakiweka status: sura, majina yote matatu, namba nzima. Wenzake wakammiminia makopa. Nilipompigia afute, akanicheka: "Babu, si namba tu!"

Haya, tuisome hiyo namba. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Wangapi kati yenu mmeufanya mwaka huohuo kuwa namba ya siri ya kutolea pesa? Tapeli atakupigia akijifanya mtu wa huduma kwa wateja, akutajie namba yako mpaka ulainike, kisha aombe tarakimu 6 zilizoingia sasa hivi kwa meseji. Ukizitaja, WhatsApp imekwenda. Jioni shangazi zako wanaombwa elfu hamsini kwa picha yako.

Ila linaloniudhi kuliko yote ni la vidole. Unasajili laini kwa kijana aliyekaa chini ya mwavuli, anakwambia, "Hakijasoma, weka tena." Unaweka. "Tena." Unaweka huku unachati! Hicho kidole cha pili huenda kimesajili laini nyingine, ndiyo itakayotuma "ile hela tuma kwenye namba hii." Polisi wakifuatilia wanakuta jina lako, si la mwenye mwavuli. Pigeni *106# kwenye kila mtandao mnaotumia, muone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yenu. Usiyoitambua, nenda ofisi za mtandao huo ifutwe.

Mengine mnayajua, mnapuuza tu. Usimsajilie mtu laini, hata mpenzi. Tangazo la ajira linalotaka picha umeshika kitambulisho kabla hata ya usaili, achana nalo.

Na sisi wakubwa tusijitie utakatifu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022, lakini ingia steshenari uone kopi za vitambulisho zilizoharibika zilivyorundikwa. Kesho zinafungia maandazi. Mzazi anarusha cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kwenye kundi la ukoo lenye watu asiowajua nusu yao. Mngejifunzia wapi ninyi?

Meseji ya kitapeli ikiingia, msipoteze bando kumtukana. Itumeni kwenda 15040 pamoja na namba iliyoituma, ndipo muifute.

Babu yenu