Maabara zifunguliwe Jumamosi

Ndugu Mhariri,

Stashahada ya uzamili ya sayansi kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, na kwa wengi waliomaliza shahada na GPA (wastani wa alama) chini ya 2.7 ndiyo mlango wa kufikia shahada ya uzamili. Sasa sisi tulioajiriwa tunaipataje? Chuo nilichoomba kimeweka vipindi vya maabara saa nane mchana, katikati ya wiki. Saa hizo bado napima sampuli za maji kazini, na bosi wangu anadhani masomo ni likizo.

Nadharia hata mtandaoni itasomwa. Titresheni, lile jaribio la kemia la kupima nguvu ya myeyusho, hapana: lazima ushike bureti (mrija wa kioo wenye vipimo) mwenyewe, tone kwa tone, mpaka rangi igeuke. Jumamosi maabara hizo zina kufuli. Zifunguliwe, ada tutalipa.

Msomaji,
Tabata, Dar es Salaam