Kuhusu kuanguka kwangu, na harusi yako

Mwandani wangu,

Uliniuliza hospitali wamesemaje, nami nikanyamaza. Jibu lake halikuwa la kuandikwa kwenye simu.

Si kifafa. Walinibandika nyaya kichwani, kamera ikanitazama usiku na mchana mpaka nikaanguka mbele yake. Mwili wote ulitukutika, lakini umeme wa ubongo haukuonyesha dalili yoyote ya kifafa. Daktari kasema ugonjwa ni wa kweli na sijifanyi: ubongo unapoteza kwa muda namna yake ya kuuendesha mwili. Dawa za kifafa haziutibu, kwa hiyo ananipunguzia taratibu.

Ungedhani nilishangilia. Nililia, tena kwa hasira. Kifafa kina heshima yake, usicheke: ukikitaja, wengi hawakuulizi kama unasingizia. Mimi nikisema vipimo ni safi, naona kabisa nyuso zinavyobadilika. Jamaa mmoja wa nyumbani alinipongeza kwamba kumbe siumwi. Lakini kinachoniumiza zaidi ni kwamba usiku nami hujihoji vilevile: je, kama ni mimi ninayejifanyia? Kisha naligusa bega lililochubuka, nabaki sina jibu.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Mara nyingine nikiwa pale chini nasikia. Si kila mara, na si wote wenye hali hii wanaosikia. Macho yamefumba, mkono siwezi kuuinua, ila maneno yananifikia yote. Nimesikia watu wakibishana kama nina mashetani. Nimesikia, "Mwacheni, anatafuta kuonewa huruma." Nikizinduka nawashukuru walewale kwa kunisaidia, maana nitasema nini? Wewe nimekusikia ukisema, "Nipo, hatuna haraka." Ndiyo sababu barua hii naiandika kwako.

Watu hunihimiza nipunguze mawazo. Laiti wangejua! Mara nyingi ugonjwa huniangusha nikiwa nimetulia, nakunja nguo au nacheka. Nikiulizwa nini kimenikera sina la kusema, naonekana ninaficha. Mtaalamu wa saikolojia anayenitibu kwa mazungumzo anasema mwili unaweza kushtuka kabla mwenyewe hajahisi hofu yoyote. Kati ya wenye hali hii wapo waliopitia mateso makubwa zamani, wapo wasiopitia. Mimi na yeye bado tunachimba, na kuna milango sijataka kuifungua.

Ninajifunza kuzitambua dalili: midomo inakufa ganzi, sauti za watu zinakwenda mbali. Hapo nashika kitu cha baridi, nataja vitu ninavyoviona chumbani. Kuna siku inasaidia. Siku isiposaidia najilaumu kama mwanafunzi aliyefeli, ingawa nimeambiwa nisijilaumu.

Sasa harusi. Nimekuwa nikitafuta udhuru wa kutokuja, kwa kuogopa kuwa mimi ndiye nitakayebaki kwenye video yenu. Lakini nataka kuja. Niwekee kiti cha pembeni, karibu na mlango, na mmoja wa dada zako ajue. Nikianguka, aniwekee kitu laini chini ya kichwa, asinibane mikono, asinitie chochote mdomoni, awaondoe wenye simu. Nikiumia, nikipumua kwa shida, au hali ikiendelea kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yangu, waite gari la wagonjwa. Vinginevyo muziki uendelee, nawe endelea kucheza.

Nijibu kuhusu kiti, nianze kutafuta nguo.

Wako akupendaye.