Malalamiko: Seti ya Usukani Isiyooana na Land Rover 109

Isevya,
Tabora.
14 Julai 2025

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Vipuri vya Magari ya Zamani,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SETI YA USUKANI ISIYOOANA NA LAND ROVER 109, ODA NILIYOLIPIA TAREHE 3 JUNI 2025

Nianze na jema, maana lipo. Springi za mbele mlizoniuzia ni nzuri. Zina majani machache, mazito katikati na membamba nchani, na hayasagani kama yale ya zamani yaliyobanana mpaka yakashikana kwa kutu. Gari sasa linapita kwenye shimo bila kumrusha abiria. Kwenye springi zenyewe sina neno, na shilingi 1,150,000 nilizozilipia sizidai.

Ninacholalamikia ni boksi la pili, lile mlilolibandika karatasi ya "seti ya usukani iliyoimarishwa", la shilingi 480,000.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya Series III, ya mwaka 1974, usukani kulia. Marehemu baba alilinunua mnadani, na kazi yake tangu hapo ni kuingia porini kule Sikonge na Ipole kutoa asali. Kijana wenu wa mauzo aliniuliza kwenye simu kama ni gari la maonyesho. Hapana. Linabeba ndoo arobaini na watu wanne, na njia yake ni visiki na makorongo. Rodi inayounganisha magurudumu ya mbele kwenye Series hizi imekaa mbele ya ekseli, kwa hiyo kisiki kikijificha kwenye majani, kinachokipokea ni rodi hiyo. Yangu imeshapinda na kunyooshwa mara mbili. Ndiyo sababu nilitaka iliyoimarishwa, na kijana wenu nilimweleza hivyo hivyo.

Kabla ya kulipa mliniomba namba ya chesisi. Nikafurahi, nikasema hawa wanaijua kazi yao, kwa sababu tarakimu tatu za mwanzo za namba hiyo zinaeleza ni gari la aina gani, injini yake na upande wa usukani. Bati la namba lilishang'oka siku nyingi, ikanilazimu kulala chini na brashi ya waya nikwangue kutu karibu na mshikio wa springi ya mbele kulia mpaka tarakimu zikaonekana. Nikapiga picha, nikawatumia. Mkanijibu kwa ujumbe ambao bado ninao: "Seti kamili, inaingia moja kwa moja, hakuna cha kubadilisha."

Mzigo ulifika stendi kwa basi tarehe 9 Juni. Fundi wangu wa kata ya Ng'ambo alianza na springi, siku moja na nusu akamaliza. Siku ya tatu akafungua boksi la usukani, akapanga vitu kwenye gunia chini ya mwembe: rodi tatu na tairodi endi sita, yaani viungo vya kwenye ncha za rodi, mbili kwa kila rodi.

Mnajua kuliko mimi kwamba kila rodi ya gari hili ina hesi (mizingo ya skrubu) ya kulia upande mmoja na hesi ya kushoto upande wa pili. Haikuwekwa hivyo kwa bahati mbaya. Ukilegeza klampu na kuizungusha rodi, inarefuka au kufupika bila kung'oa kitu, na hapo ndipo unaporekebisha magurudumu yatazame vizuri. Kwa hiyo endi sita maana yake ni tatu za kulia na tatu za kushoto. Kwenye boksi lenu nne zilikuwa za kulia na mbili za kushoto. Rodi mbili zikakamilika. Ya tatu ikameza endi moja, ya pili ikagoma. Fundi aliijaribu kwa mkono, akaifuta, akaijaribu tena, kisha akaigeuza juani na kuitazama hesi yake. Akaniambia, "Mzee, hii hata ukiiombea dua haiingii."

Hilo la hesi peke yake ningeliita makosa ya mpakiaji, ningewapigia simu kwa upole. Lakini fundi aliendelea kuzikagua endi zile mbili za rodi ya tatu. Alichukua masizi ya koroboi, akapaka kwenye koni, yaani shina linalochongoka, ya mojawapo, akaitumbukiza kwenye tundu la mkono wa usukani, akaizungusha kidogo na kuichomoa. Koni inayooana na tundu lake inafutika masizi mwili mzima, kwa kuwa inagusa kote. Hii ilifutika ukingo wa juu tu, mstari mwembamba kama wa kalamu. Huku chini masizi yalibaki yalivyo. Alipoirudisha bila nati na kuitikisa kwa vidole viwili, ilicheza. Ya pili ikawa vilevile. Zile nne nyingine alizipaka pia, zikafutika kote. Maana yake, endi mbili kati ya sita mlizoziita za Land Rover zina koni nyembamba kuliko tundu la Land Rover.

Nikapiga simu. Sasa hapa, Meneja, ndipo hasa penye barua hii. Kijana wenu alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu, halafu akasema: "Mzee wangu, hiyo ndogo sana. Mwambie fundi azungushie kipande cha bati la kopo, halafu akaze nati kwa nguvu. Na ile ya hesi, kwani huko Tabora hamna wachongaji?"

Wachongaji tunao, na wazuri. Lakini hicho alichonishauri ni kuushikisha usukani kwa bati la kopo. Koni ile inashika kwa kubana mwili mzima ndani ya tundu. Nati kazi yake ni kuivuta ikae, na kotapini kazi yake ni kuizuia nati isilegee. Ukiweka bati katikati, linasagika kwa mtikisiko, nafasi inapatikana, koni inaanza kugongagonga, na siku moja inakatika au inachomoka. Hapo dereva anabaki ameshika usukani usiogeuza chochote. Mngeniuzia redieta isiyoingia ningekasirika kisha ningecheka. Kwenye usukani sioni cha kuchekea.

Fundi alikataa. Alirudisha endi za zamani kwenye rodi ya tatu, akaweka kotapini mpya, tukatoka kulijaribu kwenye njia ya Sikonge.

Likaibuka tatizo la pili, na hili linatokana na kitu ambacho hakikuwamo kwenye boksi wala hakikutajwa. Springi zenu zimeinua pua ya gari kwa sentimita 5 nilivyopima kwa futi kamba, kutoka kitovu cha gurudumu mpaka ukingo wa bodi. Pua ikipanda, rodi inayotoka kwenye rilei (kiungo kinachopokea mzunguko wa usukani na kuupeleka magurudumuni) kwenda gurudumuni inainama zaidi kuliko zamani. Kila springi inapobonyea, ekseli inapita njia yake na rodi inapita njia yake, na tofauti ya njia hizo mbili inageuza magurudumu wakati mimi mikono nimeituliza. Kwenye lami iliyonyooka sikuona kitu. Tulipoacha lami, kila tuta lilinisogeza kushoto kama hatua moja kisha likaniachia. Nilikuwa kwenye kilomita 40 kwa saa, mbele linakuja lori la tumbaku. Nilitoka barabarani mapema nikamsubiri apite. Sikuona aibu.

Usukani pia haukuwa ukirudi wenyewe baada ya kona. Fundi akaazima kipima pembe cha binti yangu wa kidato cha pili, akafunga uzi wenye nati ndogo kama timazi, akakiegesha juu ya kifuniko cha kingpini, pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia, gari likiwa kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Mlalo wa kingpini kwenda nyuma kwa gari hili unatakiwa uwe digrii 3. Uzi ulisimama kwenye moja na kidogo. Kipimo cha kienyeji, nakubali, lakini kilituonyesha tatizo liko wapi. Dawa yake ni kabari za chuma zenye pembe, zinazokaa kati ya springi na ekseli. Anayeuza springi za kuinua gari anapaswa kuziweka kwenye boksi, au angalau amwambie mteja apime baada ya kufunga. Ninyi mliniambia hakuna cha kubadilisha. Shokapu nazo nimeambiwa na fundi ni fupi kwa kimo kipya, na mpira wa breki wa mbele kushoto unavutika gari likiinuliwa na jeki. Hayo mawili nitayashughulikia mwenyewe. Nayataja ili mteja mwingine asikute yaliyonikuta.

Tangu siku hiyo gari halijatoka. Msimu wa asali haukunisubiri, nikakodi lori dogo la Canter mara mbili, na Canter haifiki mizinga ilipo, kwa hiyo ndoo zilibebwa kichwani mpaka barabarani.

Ninachoomba, na ninakiomba ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii: mniletee tairodi endi mbili sahihi, moja ya hesi ya kulia na moja ya kushoto, koni zake zikiwa zimepimwa na mtu wenu kwenye mkono wa usukani wa Series III kabla ya kufungwa boksi, pamoja na jozi ya kabari za kurudisha zile digrii 3. Kama hamna, basi seti nzima ya usukani nairudisha na mnirudishie shilingi 480,000. Kwa vyovyote vile nadai shilingi 45,000 za basi, 80,000 za fundi kufunga na kufungua mara ya pili, na 360,000 za Canter, jumla 485,000. Risiti zote nimeziambatisha.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na kuutegemea ujuzi wake. Mimi niliwaeleza kazi, nikawapa na namba ya chesisi. Nisipopata jibu nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani, ingawa ningependa zaidi tuyamalize wenyewe, kwa sababu springi za nyuma nazo nilikusudia kuzinunua kwenu.

Endi mbili za makosa nimezifunga kwenye gazeti pamoja na masizi yake, sijazifuta. Nitazikabidhi kwa basi siku mtakayoniambia, nauli juu yenu. Mkituma mzigo mpya, uandikeni wazi "Tabora mjini". Ule wa kwanza uliteremshwa Nzega ukalala huko siku mbili.

Wenu,
Mteja wa Isevya, mwenye 109 ya kijani

Viambatisho: risiti nne, picha ya namba ya chesisi, picha mbili za koni, nakala ya ujumbe wenu.