Mwanamke wa baiskeli aonekane ukutani hata usiku

Mhariri,

Tupe nafasi katika gazeti lako tuseme na walimu wa sanaa na kila mwenye ukuta unaotazama barabara hapa Malindi. Wazo la wanafunzi kuchora wanawake waendeshao baiskeli tunaliunga mkono kwa moyo wote. Mama anayetoka Maweni kwenda sokoni kwa baiskeli ana haki ya barabara sawa na dereva wa tuktuk, na inafaa ajione ukutani. Lakini picha ya namna hii haitoshi kupendeza mchana tu. Mwaka mzima jua la Malindi huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:40 jioni, na nusu saa baadaye ni giza. Huo ndio wakati wa kurudi nyumbani.

Kosa kubwa liko kwenye zile rangi za waridi kali na kijani-njano zinazometameta. Rangi hizo hung'aa kwa kugeuza miale ya jua isiyoonekana kuwa mwanga. Jua likizama, taa za gari haziwezi kuzifanyia hivyo, na joto letu la pwani na jua kali huzifubaza mapema. Kinachorudisha mwanga machoni pa dereva ni utepe wa riflekta.

Utepe huo uwekwe hasa kwenye vifundo vya miguu na pedali. Taa za gari zikiwa dimu humulika chini, na mguu unaopanda na kushuka humwambia dereva kwamba huyo ni mtu kabla hajaiona baiskeli yenyewe. Mguu wa ukutani hautembei, kwa hiyo chora wanawake watatu wakifuatana, kifundo cha kila mmoja kikiwa juu kidogo kuliko cha aliyemtangulia. Dereva anayepita ataona mwanga ukipanda. Msichana anayeitazama picha naye atajua pa kufunga utepe wake.

Usibandike utepe kwenye plasta, maana unyevu na chumvi vitaubandua. Ubandike kwenye vipande vya alumini vyenye upana wa sentimita 5, kisha uvifunge ukutani kwa skurubu zisizoshika kutu. Weka washa ya plastiki, kile kiduara chenye tundu, kati ya skurubu na alumini. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye hewa ya bahari, alumini huliwa. Ukuta ulio sambamba na barabara haufai, kwa sababu taa huupiga kwa ubavu na mwanga haumrudii dereva. Tafuta ulio kwenye kona au unaokabili njia panda, na ruhusa ya mwenyewe na ya wasimamizi wa barabara iandikwe.

Baiskeli yenyewe ichorwe sawasawa. Mnyororo uko upande wa kulia, kwa hiyo baiskeli inayoelekea kushoto mwa picha haiwezi kuuonyesha mbele ya fremu. Fremu iwe ya kike, isiyo na bomba la juu, ili mwenye buibui apande bila taabu. Tena msimchore na leso inayopepea nyuma, hata kama picha inapendeza. Nguo ikinaswa na spoku, gurudumu la nyuma hushika ghafla na mtu huanguka. Mchoreeni kava ya mnyororo na wavu wa kuzuia nguo, kitu ambacho baiskeli za wanawake wa Ulaya zilikuwa nacho tangu miaka ya 1890. Fundi yeyote wa hapa anaweza kuutengeneza. Toboa matundu ya milimita 3 kwenye kingo zote mbili za madgadi ya nyuma, kila baada ya sentimita 3, uyapige tupa yasikate uzi, uyapake rangi yasishike kutu. Kisha pitisha uzi wa nailoni wa kushonea nyavu kutoka kila tundu hadi karibu na ekseli, ukaze. Ukilegea, wavu wenyewe utaingia kwenye spoku.

Siku ya Baiskeli Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018, ni Juni 3, na shule zitapenda kuzindua picha siku hiyo. Lakini msisubiri Mei, katikati ya masika. Pakeni Februari au Machi, asubuhi, ukuta ungali kivulini. Kwanza usugueni kwa brashi na maji ya mfereji kuondoa chumvi, uachwe ukauke kabisa. Plasta mpya ya saruji ipewe wiki 4. Ukuta wa mita 12 kwa 2 utataka lita 3 za andakoti, yaani rangi ya kwanza ya chini, na kama lita 6 za rangi ya nje, ukipakwa mara mbili. Kuta za mawe na chokaa za Mji wa Kale ziachwe na chokaa yake. Rangi ya plastiki hufungia unyevu ndani na kubanduka pamoja na plasta.

Kabla ya mfadhili wa picha kukabidhiwa kazi, mwalimu apite hapo kwa tuktuk saa 1:30 usiku, taa zikiwa dimu. Vifundo visipoonekana mita 50 kabla ya kufika, utepe ubadilishwe.

Walimu wa sanaa na mafundi baiskeli,
Malindi