Lori la zamani lianzie chini, rangi ije mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Nasikia sana watu wakisema malori ya zamani yaondolewe yote barabarani, eti umri ndo tatizo, na mimi nimekaa miezi mingi nimelala chali chini ya lori la zamani spana mkononi, kwa hiyo nina la kusema. Lori haliui watu kwa sababu ya miaka yake. Linaua kwa sababu mwenye nalo alianzia juu, rangi kwanza, bodi kwanza, viti vipya kwanza, alafu breki na chesisi (fremu ya chuma inayobeba lori zima) "tutaangalia baadae".

Najua maana na mimi nilifanya hivyo hivyo. Lori nililonunua lilikuwa limesimama zaidi ya miaka sita, tairi zimezama kwenye udongo, majani yameota kwenye bodi. Tukasafisha tangi la dizeli (dizeli ikikaa na maji muda mrefu inafanya ute mweusi unaoziba filta), tukabadilisha filta, injini ikawaka, na siku ile nilifurahi mpaka nikasahau kwamba gari kuwaka ni habari moja na gari kusimama ni habari nyingine kabisa. Nikalipeleka kwa fundi bodi. Akapiga puti, akapiga rangi, chini kote akapaka ile dawa nyeusi ya kuzuia kutu, likang'aa, nikaenda kwenye ukaguzi moyo mweupe.

Mkaguzi rangi wala hakuitazama. Aliingia chini na nyundo ndogo akawa anagonga chesisi, ko, ko, ko, mlio mkavu wa chuma kizima, alafu alipofika kwenye hanga ya springi ya nyuma kushoto mlio ukabadilika ukawa pu. Akachukua bisibisi akaisukuma taratibu tu, ikazama. Nyuma ya ile dawa nyeusi hapakuwa na chuma tena, palikuwa na unga wa kahawia unaomwagika kama vumbi la mbao, na hapo ndo springi inaposhikiliwa, mzigo wa nyuma upande ule unaegemea hapo. Akaniambia, "Kijana, hapa umeficha, hujatengeneza." Iliniuma sana maana mimi sikujua kama nimeficha, nilijua nimetengeneza.

Basi nikaanza upya, safari hii kwa mzee mmoja fundi wa malori ambaye hagusi kitu kabla hajaona karatasi. Mwanzo nilimshangaa. Alisugua namba ya chesisi kwa brashi ya waya mpaka ikasomeka, akailinganisha na ya kwenye kadi ya gari herufi moja moja, akafanya hivyo hivyo na namba ya injini, maana ikipishana hata tarakimu moja, au injini ilishabadilishwa na haijaandikishwa, utamaliza pesa yote kwa fundi alafu lori libaki limeegeshwa pale pale. Hiyo kazi ni ya nusu saa, ifanywe kabla hujalipia gari lenyewe.

Kwenye chesisi tukakata palipooza tukaweka chuma kipya chenye unene ule ule. Tukakuta na ufa mdogo kwenye membro ya katikati (chuma kinachokatiza kuunganisha pande mbili za chesisi), mimi nikasema si unapigwa tu welding juu, mzee akanionyesha: kwanza unatoboa tundu dogo pale ufa unapoishia ili usiendelee kutembea, alafu unauchimba kwa grainda mpaka chini, ndo unajaza. Ukipaka welding juu tu, ufa unaendelea kutembea chini yake bila wewe kuuona. Na kabla ya kuwasha mashine ya welding toa waya za betri na za alteneta, nimeona watu wakiunguza alteneta nzima kwa kusahau hilo.

Sasa breki, na hapa mniwie radhi nitakuwa mrefu. Lori langu ni la breki za upepo, yaani zinazosukumwa na hewa iliyoshindiliwa badala ya mafuta. Gurudumu la kwanza ngoma iligoma kutoka, tukaigonga pole pole kuizunguka, ilipotoka lainingi ya shuu (ile nyama inayosugua ngoma kulisimamisha gurudumu) ikaanguka nayo, imebanduka kipande kizima kwa sababu kutu iliingia kati yake na chuma. Jamani mimi nilikuwa nimeliendesha lori hilo barabarani, na watu wanavuka, na watoto wanatoka shule. Usiku ule sikulala vizuri.

Upande wa pili shuu zilikuwa bado na nyama ya kutosha nikamwambia mzee hizi tuziache tupunguze gharama, akakataa katakata. Ukiweka mpya kulia ukaacha za zamani kushoto, siku utakayokanyaga kwa nguvu lori litavutiwa upande unaoshika zaidi, mzigo nao bado unataka kwenda mbele, utajikuta umekaa mkingamo katikati ya barabara. Ekseli moja inabadilishwa pande zote mbili, basi.

Alafu tukafungua koki ya chini ya tangi la upepo, yakatoka maji ya kutu yaliyochanganyika na oili, yakatoka na kutoka. Kompresa ikishindilia hewa inakuwa ya moto, ikipoa kwenye tangi unyevu wake unageuka maji, na hayo maji yasipotolewa yanakula tangi kwa ndani na kwenda kukwamisha valvu. Saivi nafungua koki kila siku jioni, ni dakika moja tu.

Kipimo kingine cha dakika moja ni cha kuvuja. Weka vizuizi kwenye tairi, jaza tangi, zima injini, achia breki ya kuegesha, kaa uangalie geji ya presha ya upepo. Madereva wa malori wa Marekani wanafundishwa kwamba lori lisilo na tela lisipoteze zaidi ya paundi 2 za presha (psi) kwa dakika, na ukikanyaga pedeli ukaishikilia lisizidi paundi 3. Langu lilishuka paundi 11. Tukapita na maji ya sabuni kwenye kila nati na kila mpira mpaka povu likatuonyesha sehemu nne, moja ilikuwa mpira uliopasuka kwa ndani, kwa nje ulikuwa mzima kabisa.

Na hili namuomba kila kijana anayejifunza ufundi alisome mara mbili. Ile chemba ya nyuma (kopo la chuma linalosukuma breki) yenye breki ya kuegesha, ndani yake kuna springi kubwa iliyobanwa, ina nguvu ya mamia ya kilo, na kuna mafundi wamekufa kwa kufungua ule mkanda wake bila kuifunga kwanza springi kwa boliti yake maalum. Usiifungue kwa kubahatisha. Mzee mimi hakuniruhusu hata kusimama mbele yake.

Wenye breki za mafuta nao wasidanganywe na kikopo cha mafuta ya breki kilichojaa. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa, kiwango cha DOT 4 (daraja mojawapo la mafuta hayo) ni kwamba yakiwa mapya yasichemke chini ya nyuzi joto 230, lakini yakishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155, na kwenye mteremko mrefu na mzigo joto hilo linafikiwa, yakichemka yanakuwa mvuke na pedeli inakwenda mpaka chini bila kushika kitu.

Tairi zangu zilikuwa na meno mazuri tu, ila ubavuni kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, zangu zilisomeka 2309, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2009, na mbavu zimejaa nyufa ndogo ndogo. Zote zikatoka. Kwenye stering tulipiga jeki ekseli ya mbele, mmoja akalitikisa gurudumu juu na chini mwingine anaangalia, kingpini (pini ambazo magurudumu ya mbele yanazungukia kukata kona) zilikuwa na mchezo mpaka zinalia. Taa zilikuwa kazi ndogo kuliko nilivyodhani, indiketa ikiwashwa taa ya breki nayo inapepesa, tukahangaika na balbu kumbe ni waya wa arthi tu umeoza.

Niliporudi kwenye ukaguzi lori lilikuwa na mabaka mabaka ya praima (rangi ya chini), baya kwa macho, nikaona aibu kidogo. Mkaguzi yule yule akaingia chini na nyundo yake, akagonga pale pale, ko. Akalipandisha kwenye rola za kupimia breki, kushoto na kulia zikashika karibu sawa. Likapita.

Kwa hiyo wanaotaka malori yahukumiwe kwa mwaka wa kutengenezwa wajue lori la miaka mitano ambalo tangi lake la upepo halijawahi kutolewa maji linaweza kuwa hatari kuliko langu. Wanaosimamia ukaguzi nawaomba kitu kimoja, mwenye gari akishindwa aitwe aonyeshwe kwa macho yake, mimi ile bisibisi iliyozama ndo ilinifundisha, karatasi yenye alama za vema na mkasi nisingeielewa.

Na nyie Mhariri, kwenye kurasa za magari mnatuletea picha za malori ya zamani yaliyofufuliwa, yanapendeza kweli, ila zote zimepigwa kwa mbele. Siku nyingine mpiga picha wenu akifika naomba ainame, apige na ya chini.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwenye lori la zamani